Ncha

Niliwauliza darasa la tatu, hapa Kilembe,
hazina ni nini.
"Shaba!" wakajibu kwa pamoja,
maana babu zao waliingia mlimani na taa kwenye paji la uso
wakatoka na kikohozi,
na shaba ikateremka Kasese, ikapanda treni,
haikuaga.

Nikasema, leo tunachimba kwingine.
Nikaandika majina arobaini na moja kwenye vikaratasi,
nikayatia ndani ya kopo la siagi:
kila mtoto achomoe moja, aandike
kitu alichokiona kwa mwenzake
ambacho kikipotea angesikitika.

Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Muhindo aliandika kwamba Biira akicheka
hata mbuzi wa mlinzi hugeuza shingo.
Thembo aliandika juu ya Ithungu:
"Aliniazima sweta siku ya mvua,
akasema yeye hasikii baridi. Alikuwa anasikia."
Bwambale, asiyeandika mistari miwili bila kulalamika,
alijaza ukurasa kuhusu Mbambu anavyogawa muwa:
kipande chenye fundo hukichukua yeye.

Kabugho alichomoa Kule.

Jina lake Kule, na tulikuwa tumemwacha kule kule,
dawati la mwisho, chini ya dirisha lisilo na kioo,
mtoto wa ng'ambo ya Nyamwamba
anayefika na kaptura iliyolowa,
hanyooshi mkono, hagombani,
nikiita majina huitika
kama mtu anayeomba radhi.
Kabugho si mwongo. Aliandika:
"Kule. Sioni kitu."

Niliishika ile karatasi nikitafuta la kusema.
Kichwani nilikuwa na methali tatu tayari
na zote zilinuka chaki.
Na mimi je, ningeulizwa siku ile, ningejaza nini?
Kwamba ni mtulivu.
Utulivu ndiyo sifa tunayowagawia
watoto ambao hatujawatazama.

Ndipo nikaiona ile K.
Nyembamba, kali, imesimama kama mkuki.
Darasa hili halina kichongeo.
Nimekiomba ofisini tangu muhula wa kwanza,
naambiwa kesho.
Nikazipekua karatasi zote, moja baada ya nyingine:
hakuna herufi butu hata moja,
hakuna iliyopakaa kama mkaa.

"Nani huwachongea penseli?"

Walitazamana, kana kwamba nimeuliza
nani huleta asubuhi.
"Kule," akasema Biira. "Si ndivyo siku zote?"
Kwa nusu ya wembe, kabla ya kengele,
akiwa bado anatiririka maji ya mto,
na yale maganda huyatia mfuko wa shati
ili wenye zamu wasifagie mara mbili.
Penseli yake mwenyewe
haifiki urefu wa kidole gumba.

Basi hata "sioni kitu"
iliandikwa kwa ncha aliyoichonga yeye.

Sikuhubiri. Mnaonijua mtashangaa.
Biira ndiye aliyeinuka, akaenda hadi dawati la mwisho,
penseli ameinua kama ushahidi.
"Wasingya," akasema.
Kule hakujua neno hilo aliweke wapi.
Alitia wembe mfukoni, akautoa,
akautia tena,
akauliza, "Imevunjika?"

Wengine walicheka, kisha mmoja akaenda,
kisha wakawa wengi mno, wakasukumana,
dawati likapinduka, nikapiga kelele,
na somo langu la shukrani likaishia
kwenye goti la Thembo lililochubuka.

Kabugho hakwenda. Alikuwa anafuta.
Alifuta hadi karatasi ikatoboka,
akaanza kuandika upya kandokando ya tundu,
polepole, mkono mwingine umeziba.

Hajanionyesha.
Nami sijaomba.