Kibaba

Duka la mama lilikuwa dirisha tu,
dirisha la nondo katika kichochoro cha Malabon,
na mikufu ya vipakiti ikining'inia toka juu hadi kaunta:
shampuu ya kichwa kimoja,
kahawa ya kikombe kimoja,
sosi ya soya ya jioni hii. Ya kesho, kesho.
Krrt, mkasi ukikata,
maana nani alikuja na zaidi ya peso kumi?

Mgongoni mwa kila kipakiti aliandika bei kwa wino mzito.
Saba yake ilikuwa na kistari katikati,
kama mtu aliyefunga mkanda.
Nikamuuliza, ya nini, na bei zote twazijua?
"Nisije nikampandishia mtu
siku nikiwa na hasira naye."

Agosti mto ulipanda.
Maji yaliingia saa tisa usiku, bila kubisha,
kama shemeji.
Tukaweka mchele juu ya kabati,
bibi juu ya meza,
kuku juu ya bibi.
Kulipokucha yakashuka,
yakatuachia sakafuni yote yaliyokuwa yameyabeba.

Mama aliinama na ufagio, akasita.
Akaokota kipakiti kitupu, pembe imekatwa, rangi imekwajuka.
Akakigeuza.
Saba. Na mkanda wake.
Akaokota cha pili: tano.
Cha tatu: saba.
Akaweka ufagio chini, akaleta beseni la kuogea.
Hadi adhuhuri vilikuwa mia mbili na kumi na viwili,
vyote vya mwandiko wake,
na hapo sijataja vilivyokwama kwenye wavu wa mfereji,
wala vile ambavyo bahari haikuona haja ya kuvirudisha.

"Mimi nilidhani nimeviuza," akasema.
"Kumbe niliviazimisha."

Haba na haba, ndiyo,
lakini nani alisema kibaba hujazwa kwa heri peke yake?

Akanunua dumu la sabuni, dumu la siki, dumu la mafuta,
kwa fedha aliyokuwa ameitenga kwa jino lake.
Kipimo: kopo la maziwa lililochubuka mdomo.
Akaandika kwenye kadibodi: NJOO NA CHUPA YAKO.

Wiki ya kwanza, aibu.
Mang Isko alisimama dirishani na vumbi la saruji kwenye kope:
"Natoka kazini, Pacing.
Nibebe chupa kutwa nzima kama mama mwenye mtoto?"
Akaenda kwa jirani.
Wakaenda na wengine.
Usiku mama alihesabu sarafu mara mbili,
kana kwamba mara ya pili zingeona haya, zikaongezeka.

Kisha akaja Jovelyn, miaka minane,
na chupa ya dawa ya kikohozi, kijiko bado kimefungwa shingoni.
"Shampuu ya peso saba."
Mama akamimina. Ikapita nusu. Ikafika shingo.
Mtoto akamkodolea macho, akidhani amekosea.
"Kwenye kipakiti mlikuwa mnanunua na hewa," mama akamwambia.
Halafu akamuuliza jambo ambalo kipakiti
hakijawahi kumuuliza mtu:
"Mko wangapi nyumbani? Mwahitaji kiasi gani?"
Jovelyn akahesabu kwa vidole, akarudi kwenye kidole cha kwanza,
akamwondoa kaka aliyekwenda Riyadh.
"Nusu tu," akasema.
Peso tatu na nusu zikarudi kiganjani mwake.

Sitaki kusema mto umetakata.
Mto ule unanuka hadi leo.
Na mkufu mmoja bado unaning'inia dirishani,
wa Isko, na wa wenye haraka kama yeye,
nao mama bado anauandika bei.

Ila mvua zilipopiga tena
alikaa kizingitini, beseni miguuni, miwani puani,
akiyasubiri maji kama karani wa benki.
Vilikuja vingi, vya maduka ya watu.
Vya mwandiko wake, kumi na tisa.
Akakishika cha mwisho kwenye mwanga: saba, na mkanda.
"Huyu ni Isko," akasema,
akakikung'uta, akakitia mfukoni
aje amrudishie na chenji yake.