Tone la Saa ya Sita

Tartu, Januari. Nje nyuzi hasi ishirini na moja,
mto Emajõgi umeganda hadi chini ya daraja,
na ghorofa ya tatu wanampoza mtoto.

Aune, mkunga wa zamu, aliileta sampuli mwenyewe,
viatu vyake vya mpira bado vina damu.
Kiungamwana shingoni mara mbili, alisema,
dakika kumi na moja bila kilio.
Kisha: "Nusu pumzi. Nusu tu." Akaondoka.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata yangu ni mrija mwembamba kama unywele,
na tone lisilotosha kulowesha ukucha.

Ubongo una vitu usivyovitoa nje ya nyumba,
protini zinazoshikilia kuta na nguzo.
Ukuta ukipasuka, huvuja,
huingia damuni kimyakimya
kama barua isiyo na anwani,
na mimi ndiye ninayefungua bahasha za watu.

Asidi ya maziwa, saa ya kwanza: kumi na nne.
Saa ya sita: kumi.
Ya kumi na mbili: sita na nusu,
nikajikuta naipapasa mashine mgongoni
kama mtu anayembembeleza ng'ombe akamuliwe.
Lakini ile protini,
ile yenye jina la herufi na tarakimu kama gari,
ilipanda.
Ikapanda tena.
Daktari Rannap aliisoma karatasi amesimama.

Siku ya pili, kwenye lifti, mama yake:
gauni la hospitali, soksi za sufu zisizofanana.
Akaitazama beji yangu.
"Wewe ndiye unayeisoma damu yake?"
"Ndiyo."
"Inasemaje?"
Damu haina wakati ujao, ningemwambia,
ina uliopita, na uliopo kidogo.
Nikasema, "Asidi inashuka."
Nusu nyingine nikaimeza na mate.
"Wamenikataza kumfunika," akasema.
"Mama gani hamfuniki mtoto, mwezi huu?"
Mlango ukafunguka. Haikuwa ghorofa yake,
wala yangu.

Saa ya sabini na mbili wameanza kumpasha joto,
nusu nyuzi kwa saa, taratibu,
kama anayerudisha kitu alichoazima.
Mrija mpya umefika.
Juzi na jana lebo ilisema *mtoto wa Eneli*.
Leo imeandikwa *Uku*,
kwa kalamu, mwandiko wa mtu mwenye haraka.

Zamu yangu imekwisha tangu alfajiri.
Nikanawa mikono mara mbili,
nikaketi.