Daftari la Shemeji

Alhamisi ndiyo siku ya maji hapa Pangani,
lakini Alhamisi ni jina tu.
Naweka ndoo chini ya bomba, naacha bomba wazi,
nalala na sikio moja.
La pili nimempa paka.

Tulimwita Shemeji, mimi na Mwende,
kwa sababu alikuja wakati wa chakula
na hakuona haja ya kuondoka.
Dume, rangi ya majivu, shingo ya bondia.
Sasa anachuchumaa kwenye karai la mchanga
kama mtu aliyepotezewa faili ofisini:
anaingia, anangoja, anatoka,
anarudi dirisha lile lile.
Halii. Ananitazama.
Afadhali angelia.

Mara ya kwanza nilidhani ni choo kigumu,
nikampa mafuta ya kupikia, kijiko kizima. Mungu anisamehe.
Daktari Nafuna aliushika mkono wangu, akauweka tumboni mwake:
kibofu kimekaza kama chungwa bichi.
“Chembechembe,” akasema,
“kama chumvi iliyoganda mdomoni mwa chupa.
Ungengoja hadi kesho, tungekuwa tunaongea mengine.”
Akapitisha mpira mwembamba kuliko njiti ya ufagio.
Mkojo ukaja, rangi ya maji yaliyooshewa nyama,
nami nikalia pale kliniki, mtu mzima, mkoba kwapani,
kwa furaha ya kuona mkojo.

“Atapona?”
“Atatulia. Halafu itarudi. Wewe kaa macho.”

Ikarudi mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila mahali
isipokuwa ndani ya bomba letu.
Ikarudi mwezi wa nane.
Siku hiyo kijana wa bodaboda hakuuliza tunakwenda wapi;
aliuliza tu, “Ni yule yule?”

Mzee Gichohi wa ghorofa ya chini amepiga hesabu:
pesa hizo zingenunua mbuzi,
na mbuzi huliwa.
Sikumjibu.
Mbuzi asingelala juu ya meza ya cherehani
nikishona sare za watoto wa watu
hadi redio ifunge.

Mwende hupiga simu kutoka Doha.
“Shemeji hajambo?”
Hajambo, nasema,
naye nimemviringisha leso yako ile ya manjano,
kichwa tu nje, kidonge kimenata kidoleni mwangu,
amekitema mara tatu.
Haya mengine simwambii. Ana yake.

Omena marufuku. Chakula kikavu marufuku.
Vichwa vya kuku, navichemsha bila chumvi, namnywesha mchuzi.
Bakuli la maji jikoni, bakuli chini ya kitanda,
bakuli dirishani, ambapo anapenda kunywa akitazama njiwa.
Mtungi ni shilingi hamsini kwa mwenye mkokoteni.
Mimi nitaoga kesho.

Nina daftari la vipimo: kifua, kiuno, bega hadi bega.
Kurasa za nyuma ni zake.
Kila asubuhi napekua mchanga kwa kijiko cha zamani,
napima tonge lililoloa, naandika:
Jumapili, kunde.
Jumatatu, kunde, na wekundu kidogo.
Jumanne, hakuna. Sindano. Elfu tatu mia nane.
Jumatano, hakuna.
Jumatano jioni, ndimu! (Nimepigia mstari.)
Mteja mmoja alifungua ukurasa usio wake,
akauliza kama nimeanza biashara ya mboga.

Leo, saa kumi alfajiri, bomba linakohoa.
Linatema upepo, kutu, upepo tena.
Naamka, napapasa ukuta gizani, naikuta ndoo.
Na kule nyuma ya mlango, kucha kwenye mchanga:
kwaru, kwaru,
kisha kimya. Kimya kirefu.
Maji yanaanza, tone, tone,
yanagonga sakafu ya ndoo, yanapata nguvu,
wiki mbili nimeyangoja.

Nafunga bomba
nipate kumsikia.