Milimita Thelathini na Nane

Programu imefunguka na swali lake lile lile:
chagua vipimo, futi au mita.
Chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
imeandikwa kwamba kazi ikishaanza hurudi nyuma.

Ni Februari, Thunder Bay. Ghuba imeganda,
kioo cha dirisha kimeota manyoya ya barafu.
Ritva Kallioniemi anapuliza kahawa,
mshale unapepesuka kati ya vijisanduku viwili
kama mtoto aliyeitwa na shangazi wawili kwa mpigo mmoja.

Michoro ya shule ya chekechea imekuja kwa milimita.
Serikali haijui inchi, au inajifanya.
Nguzo za ukuta: kila mia nne, mia nne, mia nne.
Lakini duka linauza mbili kwa nne,
ambayo si mbili, wala si nne;
ilikauka, ikapigwa randa, likabaki jina nene.
Na plaiwudi ni futi nne kwa nane, hawana nyingine.

Anahesabu.
Nafasi sita za mia nne: elfu mbili na mia nne.
Karatasi: elfu mbili mia nne thelathini na nane.
Inazidi.
Inazidi kwa unene kamili wa ubao mmoja,
kana kwamba nguzo ilisogea kando makusudi
karatasi ikose pa kukalia.

Anampigia Pelletier, fundi mkuu.
"Weka inchi kumi na sita, kama watu wengine!"
Upepo unamlia nusu ya maneno.
"Futikamba yangu ina pande mbili, Ritva.
Ule wa pili naufunika kwa kidole gumba."

Kidole.
Eino, baba yake, alishuka melini na rula ya kukunja,
ya mbao, ya manjano, mita mbili, kutoka Tampere.
Kiwandani wakamcheka wiki nzima.
Akajifunza nusu, robo, thumuni, nusu ya thumuni,
kwa lugha ambayo hakuweza kuombea maji.
Siku msumeno ulipomla ncha ya kidole
alirudi nyumbani, akaketi, akasema: robo tatu ya inchi.
Hakusema sentimita.
Ndipo Ritva alipojua kwamba hawatarudi kwao.

Mwaka uliofuata mwalimu aliingia na vijiti vya mita,
akatangaza inchi imekufa, watoto wakapiga makofi.
Wapi! Ilihamia dukani.
Hata leo Ritva hupima baridi kwa selsiasi,
oveni kwa farenhaiti, mwanawe kwa futi,
na Winnipeg kwa saa nane za barabara.

Anatengeneza nakala, ajaribu tu. Anabofya futi.
Mia nne inageuka inchi kumi na tano na robo tatu,
kasoro unywele.
Programu haibishani. Inatafsiri,
kama mkalimani anayelipwa kwa neno,
na ule unywele hauulizi ni wa nani.

Anaitupa nakala. Zabuni inataka mita, basi mita.
Anashuka hadi safu ya mabaki,
anafuta asilimia saba, anaandika kumi na moja.
Pale panapodai sababu
anaandika: vipimo.
Anafuta. Anaandika: baba.
Anafuta.
Anapaacha wazi, anatuma,
na kahawa imeshapoa.