Palipopita Mkuku

Mji wetu unaitwa Bandari.
Waliouanzisha hawakuhangaika kutafuta jina:
Höfn, kwa Kiaislandi, maana yake ndiyo hiyo, basi.

Ila mlango wake hautulii.
Barafu inasaga mlima usiku kucha,
inamwaga unga mweusi kinywani mwa ghuba,
na fungu lililokuwa kushoto Jumanne
Ijumaa liko katikati, limejilaza kama mwenye nyumba.

Mashua ya kupimia imefungwa gatini tangu Oktoba.
Kipuri chake kiko Reykjavik, au kiko njiani,
au kimo katika barua ya mtu asemaye kiko njiani.
Kwa hiyo nimepewa kiti, skrini mbili,
na nyayo za meli.

Meli ina nyayo, ndiyo.
Kila sekunde chache hujitaja hewani:
jina langu hili, niko hapa, naelekea kule,
nimezama mita nne na nusu.
Miaka minne ya kujitaja imo humu,
nukta milioni tatu, na mimi, na chai iliyopoa.

Hesabu yenyewe si ngumu.
Aliyezama mita tano akapita asiguse,
pale pana tano, angalau.
Toa maji ya kujaa yaliyombeba saa ile,
toa wimbi, toa na hofu kidogo,
kinachobaki kiandike.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake;
haya nimeyafika kwa mikuku ya wengine.
Mraba kwa mraba, mlango unajitokeza:
buluu walipopita watu,
na weupe wasipopita.
Weupe si kwamba hapana maji.
Hapana habari.

Hafsteinn rubani ameingia, koti lamdondosha theluji,
ugoro umemganda chini ya pua.
"Aliyenifunza kazi alipaka mafuta ya kondoo chini ya chubwi,
likipanda limenasa mchanga, anauonja kwa ulimi.
Wako uko wapi mchanga?"
Nikakosa la kusema.
Akagusa skrini kwa ukucha. "Na hapa, sita na nusu, nani kakupa?"
"Skúmur. Hupita kila siku."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Brynjólfur aliiandika namba ile siku alipofungiwa kifaa.
Hajaigusa tena. Atoke mtupu, arudi na shehena ya samaki,
awe juu ya reli anapakwa rangi: sita na nusu!"

Nikamfuta Skúmur.
Nusu ya buluu yangu ikaondoka naye.

Nilibaki nikikwangua kilichosalia,
namtafuta mwongo mwingine,
ndipo nikaiona: tarehe kumi na nne Februari,
saa tisa na dakika kumi alfajiri,
Ásdís, katikati ya mlango, kasi sufuri.
Saa kumi, sufuri.
Saa kumi na mbili, sufuri, omo imegeuzwa kidogo kusini.
Saa tatu kasorobo ikaanza kutembea
kama mtu anayetoka kanisani amechelewa.

"Hii ilipwelewa," nikasema. "Mbona haimo daftarini?"

Hafsteinn alivua kofia.
Sikuwahi kuona kipara chake.
"Usukani nilishika mimi.
Tukazima taa za sitaha, tukasubiri maji.
Hatukumwambia mtu."

Nje, winchi ya mtu ililia ikanyamaza.

Nikamwambia, na sikusema kumfariji:
waliopita salama wote wameniambia *angalau*.
Angalau nne. Angalau tano.
Katika nukta milioni tatu
ni wewe peke yako uliyeniambia *kiasi*.

Akatazama ile nukta muda mrefu.
"Mita tatu na themanini," akasema taratibu. "Andika."
Nikaandika.
"Lakini ni ya Februari," akasema. "Fungu limeshahama."
Nikaandika na hilo.

Redio ikakwaruza: meli ya Wanorwei, imezama mita tano,
inauliza mlango una kina gani usiku huu.
Tukatazamana.
Kisha akachukua kinasa sauti, akavaa kofia kwanza,
akasema, "Subirini maji yajae."