Kilo Kumi na Saba

Miaka ishirini na tisa nilisimama kwenye mizani
ya kiwanda cha samaki, Ilemela,
koti jeupe, buti nyeupe, kalamu sikioni,
nikiandika uzito wa sangara kabla ya kisu.
Minofu ilipanda ndege usiku.
Vichwa na mifupa vilirudi mtaani nasi.
Sikuona ajabu. Ilikuwa kazi.

Sasa Mbula, binti yangu, kapiga simu toka Zuriki:
"Baba, mafao si yameshatoka? Njooni mzeekee huku.
Chumba kipo. Lifti ipo. Magoti yatapumzika."
Magoti yangu yaliielewa hoja hiyo kabla yangu:
kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu, Nyakabungo,
ngazi za mawe ni mia moja na kumi na nne,
na ya sitini imelegea.

Nikaitoa kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza,
nikapiga hesabu mgongoni mwake.
Kikokotoo kilishanikokota mara moja;
kile kilichobaki, cha kila mwezi,
kule kinalipa bima ya afya ya mtu mmoja
kwa siku nane.
Ya tisa nisiumwe.
Kahawa, kikombe kimoja, ni sato wawili wa Mwaloni.
Na sangara wapo, anasema Mbula, dukani,
wamelazwa juu ya barafu
bila kichwa, bila jicho la kunitambua.
Huenda mmoja nilimpima mimi.
Nikamkomboe kwa faranga?

Mama Mbula anachambua dagaa, kimya.
Kisha, bila kuinua uso: "Maji yamekatika, leo siku ya tatu."
Kweli. Ziwa lote lile limelala chini yetu
na ndoo zimepanga foleni.
"Na Bugando ulimngoja daktari toka alfajiri mpaka alasiri."
Kweli pia. Naandika.
Mpimaji haruhusiwi kuegemea mizani.

Nikaandika na upande wa pili:
Lushinge, anayenidai drafti tatu.
Mwanga wa asubuhi juu ya majabali, ambao sijaulipia.
Majeneza niliyoyabeba kwenye ngazi zile,
bega la kushoto, kila mara la kushoto;
hilo ni deni, na wadeni wangu wote wako hapa.
Nikamuuliza Mbula nauli ya kurudi
siku ile isiyotajwa.
Alinyamaza, nikasikia tramu ikipita kwake.
"Baba, wanatoza kwa kilo."
Basi naijua safari hiyo.
Usiku, kwenye baridi, na karatasi yenye namba.
Ila safari hii mifupa ndiyo ingepanda ndege.

Kiwandani kanuni ya kwanza ilikuwa hii:
pima kreti tupu, ndipo utie samaki.
Nyumba hii, tukitoa mazoea, ina uzito gani?
Na Zuriki, tukiitoa lifti?
Nilikaa na kalenda hadi taa za Kirumba zikawaka.
Mizani ikagoma kutulia.

Ndipo Maduhu akanyakua simu ya mama yake.
Miaka minne. "Babu" yake ina kona ngeni,
kama imefunguliwa kwenye boksi asubuhi hiyo hiyo.
"Babu, njoo uone theluji."
Nilimjua kwa picha, kwa kikohozi, kwa wimbo wa shule;
mimi, niliyepima tani nisizoweza kuzihesabu,
sikujua mjukuu wangu ana uzito gani.
Nikauliza.
Mbula akacheka: "Kumi na saba, Baba. Kwa nini?"

Sikumjibu.
Kesho yake foleni ya maji iliponifikia
nilijaza ndoo, nikamwaga kidogo,
nikatoa na uzito wa ndoo yenyewe, kwa mkono nilioufundisha,
hadi ikawa kumi na saba barabara.
Nikaikumbatia kifuani, si kichwani wala begani,
watu wakitazama,
nikaanza kupanda.
Kwenye ngazi ya sitini nikasimama.
Haikumwagika.
Nzito kuliko nilivyodhani.
Nikaiweka mkono wa pili, nikahesabu zilizobaki.