Vita Gani?

Watoto wa Ancud humwuliza:
"Babu Ceferino, nishani hii ni ya vita gani?"
Naye hukohoa, akatazama dirishani mvua inavyopiga bati,
akasema, "Ya bomba la mvuke."
Wanacheka. Wanadhani ni mzaha.

Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati.
Miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi,
kuanzia kola kushuka,
kwa kuwa vidole vyake viligandana kama nta
siku ile, manowari ikiingia Mlango wa Magellan,
bahari shwari, adui hakuna,
mpishi anamenya viazi sitahani,
mtu fulani anapiga mluzi.

Kisha chini, kwenye tanuri, chuma kikaguta.

Sikuwapo. Alinisimulia mara moja tu,
usiku, kwa sauti ya mtu anayehesabu madeni:
weupe mtupu, moto usio na mwali,
wenzake saba wakipapasa ngazi wasiione,
na yule kijana Nahuelquín, wa miaka kumi na saba,
akimwita bibi yake kwa lugha ya kwao.
Gurudumu la vali lilikuwa jekundu, asema,
wala si kwa rangi.
Akalishika. Akalizungusha.
"Mara ngapi?"
"Kumi na nne. Lilikuwa na kutu.
Nilimtukana fundi kila mzunguko."

Matusi kumi na manne, basi.
Neno "taifa" sikulisikia humo.

Valparaíso, admirali alisoma karatasi ndefu.
Alipomaliza akanyoosha mkono wa pongezi,
akaiona ile bandeji,
mkono wake ukabaki hewani hauna pa kwenda.
Nishani nikaipokea mimi, nikaichomeka kifuani pake,
pini ikanidunga.
Tone lile lingali kwenye utepe, kahawia,
karibu na mstari wa buluu.

Siku hizi inalala kwenye kopo la vifungo na sindano.
Kila Desemba barua hufika kutoka Puerto Natales:
Nahuelquín kanunua boti, Nahuelquín kang'oa jino,
kitindamimba wake kamwita Ceferino
na mtoto, aandika, ni mkaidi ajabu.
Namsomea. Akiguna, najua nirudie pale pa mtoto.

Leo wanamngoja shuleni, avae nishani, aseme neno.
"Nitasema nini?"
"Tulia kwanza. Cha tatu kimelegea."
Nakata uzi kwa meno.
Anainua kidevu,
kama baharia kwenye gwaride.